Askofu, Watawa na Chuo Kikuu: Utangulizi

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, kilimwalika Rais Barack Obama ahutubie mahafali na kutunukiwa shahada ya heshima. Askofu wa jimbo, John D'Arcy, alipinga kwa sababu ya msimamo wa rais kuhusu utoaji mimba. Mahafali yakafanyika, askofu hakwenda. Anayeanza kusoma sheria ya Kanisa huuliza: mbona hakuyazuia?

Notre Dame iliasisiwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, na tangu 1967 watawa na walei huiongoza kwa pamoja. Mgeni wa mahafali huchaguliwa na chuo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 586, hulinda uhuru wa shirika katika maisha yake ya ndani. Lakini kanuni ya 678 huwaweka watawa hao hao chini ya askofu katika uchungaji wa roho, ibada ya hadhara na kazi za utume. Sasa chuo kikuu tukiweke wapi? Ni utume, bila shaka, na bado ni kazi ya shirika. Naomba msomaji asiharakishe kupita hapa, kwani karibu kila mgogoro tutakaousoma umeanzia kwenye mpaka huu.

Nguvu kubwa ya mamlaka ya Kanisa iko kwenye jina. Kwa kanuni ya 808, hakuna chuo kikuu kinachoruhusiwa kujiita Katoliki bila kibali cha mamlaka hiyo. Kwa kanuni ya 812, wanaofundisha teolojia nao huhitaji idhini. Mwaka 2012 Vatikano ilikinyang'anya chuo kikuu kimoja cha Lima, Peru, haki ya kujiita cha Kipapa na Katoliki. Masomo yaliendelea, lakini jeraha lilikuwa la kweli.

Kwa maoni yangu, kutohudhuria kwa D'Arcy hakukuwa unyonge. Alisema neno lake kama mchungaji, akaacha uongozi wa chuo kwa wenye dhamana. Papa Yohane Paulo II, katika hati yake Ex corde Ecclesiae ya 1990, alitaka askofu, hata asipoingia katika uongozi wa chuo, awe mshiriki wa maisha yake, asiwe mtu wa nje.

Kwetu pia swali lipo: chuo cha Tangaza, Nairobi, kinamilikiwa na mashirika mengi ya kitawa kwa pamoja. Ukitaka kujua nani ana kauli ya mwisho katika chuo chochote, anza kwa kusoma katiba yake.