Mzee wako aliwahi kuwa askari? Tunzeni karatasi zake

Septemba 1914 vikosi vya Wajerumani vilitoka upande wetu huu, vikavuka Mto Songwe na kwenda kupigana na Waingereza Karonga, ambako leo ni Malawi. Wengi katika vikosi hivyo walikuwa askari Waafrika. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1918, askari wake Waafrika walirudi makwao wakiwa bado wanadai mishahara.

Walisubiri hadi 1964, ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi likaamua waliobaki hai walipwe. Mtu wa benki alifika Mwanza na fedha. Walijitokeza wazee wapatao 350, lakini wenye vyeti vya 1918 walikuwa wachache mno. Inasimuliwa kwamba mlipaji alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike na kuunyanyua kama bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Ndugu msikilizaji, leo usitegemee ufagio. Anayefuatilia pensheni au kiinua mgongo ataulizwa kumbukumbu za utumishi: namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na tarehe ya kuacha jeshi. Miaka ya utumishi husomwa humo, na bila miaka hiyo madai hayana pa kuanzia.

Vijana waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni wazee. Kama yumo mmoja nyumbani kwenu, tunashauri haya:

Kwanza, huku Kyela mafuriko tunayajua. Vyeti viwekwe kwenye mfuko wa nailoni, mahali pa juu, na vipigwe picha kwa simu.

Pili, linganisheni majina. Kama cheti cha jeshi kina jina moja na kitambulisho cha taifa kina jingine, mapema mkaape kiapo cha majina kwa hakimu au wakili.

Tatu, cheti kikipotea, toeni taarifa polisi na mtunze ile ripoti.

Nne, mzee akifariki, chukueni cheti cha kifo, fanyeni kikao cha ukoo chenye muhtasari, kisha msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Madai ya marehemu hupitia kwake.

Na kama mzee angali hai, kaeni naye jioni ya leo. Mwulizeni namba yake ya jeshi, mwandike. Wengi wanaikumbuka kwa kichwa, lakini akiondoka, ataondoka nayo.