Je, Jengo la Shule Linamlinda Mtoto Wako?

Ndugu wazazi, mtoto hukaa shuleni karibu kutwa nzima. Jengo likiwa bovu, dawa tunayompa hospitalini humponya leo, na baada ya majuma machache anarudi na ugonjwa ule ule. Ndiyo maana Serikali ya Tanzania imeweka viwango vya majengo ya shule. Tuvijue, ili kwenye kikao cha wazazi tuwe na la kuuliza.

1. Darasa. Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. Wakirundikana 100, kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa kadhaa, nao upepo huvitoa nje. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, na yafunguliwe hata asubuhi za baridi.

2. Vyoo. Serikali inataka tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Basi shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 inahitaji matundu 10 ya wasichana na 8 ya wavulana. Vyoo vya wasichana vitengwe, viwe na milango yenye komeo, maji, na mahali pa kujisitiri wakati wa hedhi. Binti asiyepata mahali hapo hubaki nyumbani siku hizo, na masomo yanampita. Mtoto mwenye ulemavu naye awe na choo anachoweza kukifikia.

3. Maji. Choo bila maji na sabuni hueneza kuhara. Msilaumu ukame tu, tazameni paa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita 60 za mraba huleta karibu lita 600. Mifereji na tangi vinatosha kuyakinga. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasizaliane.

4. Jiko. Moshi wa kuni huumiza macho na mapafu ya mpishi na watoto, na miti inakwisha. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa.

Mwalimu mkuu peke yake hawezi yote haya. Mwezi huu, nendeni na kamati ya shule mkahesabu matundu, madirisha na wanafunzi. Andikeni mlichokiona, mkipeleke kwenye kikao cha kijiji au mtaa. Panapopungua, anzeni na choo cha wasichana.