Mchai Mmoja, Mali za Aina Tatu

Katika shamba la kampuni ya chai kule Kericho, mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, akayatupia kikapuni mgongoni. Mbele yake upo mmea mmoja, lakini daftari la mhasibu lina mali za aina tatu. Shina, litakalochumwa miaka na miaka, ni mali ya kudumu sawa na mashine ya kiwandani: huandikwa kwa gharama ya kulipanda na kulitunza hadi likomae, na gharama hiyo hupunguzwa kila mwaka kwa ajili ya uchakavu. Majani yaliyo bado mtini ni mali hai, hupimwa kwa bei ya soko baada ya kutoa gharama za kuuza. Yakishachumwa ni bidhaa ghalani, mali ya muda mfupi inayotarajiwa kugeuka fedha ndani ya mwaka. Kumbe mali haipewi aina kwa sura yake, bali kwa kazi inayoifanyia kampuni. Lori la kubebea chai ni mali ya kudumu. Lori lile lile, likiwa kwa muuza magari, ni bidhaa.

Wapo watakaosema huku ni kuchezea maneno, maana jumla ya mali ni ile ile. Mchai wenyewe unawajibu. Hadi 2015, viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo kampuni za Kenya na Tanzania huvifuata, vililihesabu shina pia kuwa mali hai. Kwa kuwa mashina hayauzwi bila ardhi yake, thamani ilikadiriwa kwa mapato ya miaka ijayo. Kadirio likipanda, ongezeko liliingia kwenye faida. Kampuni iliweza kutangaza faida nono bila shilingi hata moja kuingia benki. Januari 2016 shina likahamishiwa mali za kudumu. Mmea haukubadilika, faida ndiyo iliyobadilika.

Wengine husema mwenye mali nyingi hana shaka. Mizania haikubali. Mishahara ya mwisho wa mwezi hailipwi kwa mashina wala kwa mitambo. Hulipwa kwa fedha taslimu, kwa chai iliyouzwa na kwa madeni yaliyokusanywa kutoka kwa wateja. Kwa hiyo mwenye hisa asiishie kwenye jumla. Apime mali za muda mfupi dhidi ya madeni ambayo kampuni inapaswa kuyalipa mwaka huo huo, kwani hapo ndipo huonekana kama mchumaji atalipwa.