Qahera: Shujaa Mwenye Hijabu
Katika filamu na katuni za Magharibi, mwanamke wa Kiarabu tumemzoea kwa sura mbili: mcheza ngoma wa kasri, au kiumbe bubu anayengoja kuokolewa. Mwaka 2013 Deena Mohamed, msanii wa Misri, alianza kuchora Qahera, shujaa mwenye hijabu na upanga. Jina ni la mji wa Kairo. Maana yake mshindi. Qahera anawacharaza wanaume wanaowasumbua wanawake mitaani, kisha anawageukia wanaharakati wa Femen wanaotaka kumvua hijabu, eti huo ndio ukombozi! Hapo ndipo uzito wa dhamira ulipo. Mwenzangu mmoja alisema upanga hautatui kitu. Sawa, lakini katuni yenyewe yaonyesha mlalamikaji akipuuzwa na polisi. Angekwenda wapi?