Kuchapa ujumbe wa amani nyumbani, bila mashine



Katika kambi na vijiji vinavyopokea wahami, habari hupita mdomo kwa mdomo. Kila mtu huongeza lake, na mwishowe uvumi hugombanisha majirani. Picha ya kuchongwa haibadiliki hivyo: nakala ya kwanza na ya hamsini zinasema jambo moja.

John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 kisha akahamia Namibia, alijifunza kuchonga linoliamu huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, kati ya 1967 na 1969. Mwaka 1984, Namibia ikiwa bado vitani, alichapa picha ya watu wawili wanaokumbatiana.

Vifaa

Kipande cha linoliamu, ile ya kutandika sakafuni. Isipopatikana, soli bapa ya kandambili kuukuu inafaa kwa picha ndogo. Kisu kidogo chenye makali, au waya wa mwavuli ulionolewa ncha. Wino mzito wa kuchapia, kitambaa, karatasi nyepesi na kijiko.

Namna ya kufanya

1. Chora picha kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi. Mistari iwe minene, maneno yawe machache.
2. Lalisha karatasi kifudifudi juu ya linoliamu, sugua mgongo wake. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka. Ndivyo inavyotakiwa, maana ukichapa maneno yatasomeka sawa.
3. Chonga sehemu zitakazobaki nyeupe. Linoliamu ikiwa ngumu, ianike juani kidogo. Mkono unaoshika ukae nyuma ya kisu, usikae mbele yake.
4. Fungia pamba ndani ya kitambaa iwe kama tonge, chovya katika wino, gongagonga juu ya mchongo. Wino ukizidi, mistari inaziba.
5. Weka karatasi safi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko toka katikati kwenda pembeni. Inua kona moja uangalie. Palipofifia, sugua tena.
6. Bandua polepole, anika kwenye kamba. Paka wino tena kwa kila nakala.

Kwa viongozi

Penseli inafutika, lakini kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo, kabla ya kuchonga, ketini na wahami pamoja na wenyeji. Ikiwa ugomvi ni wa foleni ya maji, kubalianeni kwanza utaratibu wa kuteka, ndipo mchore. Picha isionyeshe kabila lolote kama adui. Waonyesheni mchoro wasiojua kusoma, muwaulize wanaona nini. Wakielewa vingine, chora upya.

Mkishamaliza, bandikeni nakala pale kisimani, kanisani, msikitini, shuleni na sokoni, pande zote mbili kwa siku moja. Hapo hakuna atakayesema kwamba wenzake waliambiwa jambo lingine.