Maua ya Mlangoni: Nyumba za Kale za Pwani Zilikopa Nini kwa Miti na Bahari?

Wadau, ukiingia sebule nyingi za mjini siku hizi utakuta picha kubwa ya maporomoko ya maji na milima yenye theluji, na chini yake chombo cha maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Ukimuuliza mwenye nyumba, anakwambia anapenda mandhari ya asili. Sina ugomvi na plastiki ya mtu. Ila watu wa mwambao wetu walishayaleta maumbile ndani ya nyumba karne nyingi zilizopita, tena kwa akili zaidi ya kubandika picha. Akili hiyo bado inatufaa, hata wewe uliyepanga chumba kimoja.

Tuanze na mlango, maana ndio kila mtu anaujua. Pita Mji Mkongwe wa Zanzibar au mitaa ya Lamu, angalia fremu ya mlango wa zamani. Utaona waridi, yungiyungi, majani yanayotambaa, mtende, na chini kabisa mara nyingi kitu kama samaki au magamba yake. Lakini hebu sogea karibu. Lile waridi halifanani na waridi la bustanini. Fundi amelipunguza mpaka limebaki duara na petali zake, halafu amelirudia tena na tena hadi fremu ikajaa. Na samaki naye kabakia magamba na mkia. Hiyo ndiyo siri ya nakshi: huchori ua lote kama kamera, unachukua mpangilio wake tu.

Dini nayo ilichangia. Nyumba za Waislamu ziliepuka sanamu na picha za viumbe wenye roho, kwa hiyo mafundi wakaelekeza ufundi wao kwenye mimea, maumbo ya hesabu na maandishi. Halafu karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarati walipozidi kuhamia Zanzibar, ikashamiri milango yenye tao juu na maua yaliyonona zaidi. Ndiyo maana mlango wa juu bapa na mlango wa tao unaweza kuikuta mtaa mmoja, kila mmoja na tabia yake.

Hapa nitoe angalizo. Waongoza watalii wanapenda kukupa maana ya kila kitu: samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo eti mwenye nyumba aliuza watumwa. Mimi nashauri uyapokee hayo kwa tahadhari. Mnyororo unakaa vizuri sana kwenye ubao mwembamba wa ukingo, na fundi yeyote wa mbao anajua raha ya mchoro unaojaza nafasi bila kukatika. Si kila kitu ni fumbo jamani.

Sasa inua macho. Kwa maoni yangu dari ina mengi kuliko mlango, ila haipigwi picha. Dari ya nyumba ya kale ya mawe imebebwa na boriti za mikoko, mti unaoota kwenye maji ya chumvi na ambao mchwa hauwezi kirahisi. Wafanyabiashara wa Lamu waliipanga miti hiyo kwa unene, kila saizi na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti moja ya kuaminika hufunika upana wa kama mita 2.5 hadi 3, basi. Kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Unaona hapo? Mti wa baharini ndio uliomwamulia mjenzi chumba kiwe na upana gani. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji hadi Uarabuni, na huko Ghuba nako nyumba za zamani zikawa na vyumba vyembamba vilevile.

Chumba chembamba kinabana, wote tunajua. Mafundi wa Lamu walilitatua hilo ukutani. Katika chumba cha ndani kabisa walijenga safu za vidaka, yaani vishimo vidogo vya kuwekea sahani za kichina na vitabu, wakazizungushia nakshi za chokaa. Kivuli kinachoingia kwenye kila kidaka kinafanya ukuta uonekane una kina, kama vile chumba kinaendelea mbele. Chokaa yenyewe ilitokana na kuchoma mawe ya matumbawe. Na matumbawe mengine yalikatwa baharini yangali mabichi, laini ya kuchongeka, kisha yakikauka yanakuwa magumu. Maandishi ya mwaka 1107 kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yalichongwa kwenye jiwe la namna hiyo na yanasomeka hadi leo. (Usiende kuvunja matumbawe sasa hivi, ni makazi ya samaki na unajitafutia kesi.)

Kama unataka kujaribu, tafuta ile bikari ya shuleni. Chora duara. Usibadilishe upana wa bikari, weka ncha popote kwenye mstari wa duara na uchore tao linalopita katikati. Pale tao lilipokata mstari, weka ncha tena, chora tao jingine. Ukizunguka hivyo mara sita unapata ua la petali sita bila kupima chochote. Likate kwenye karatasi ngumu, liwe kiolezo, lirudie kwa rangi moja ukutani kuzunguka fremu ya mlango au dirisha. Mwombe kwanza mwenye nyumba. Gharama yake ni kopo dogo la rangi, na nakuhakikishia litapendeza kuliko theluji ya Ulaya. Ukitaka la pili, tazama umbo la korosho kwenye kanga ya mama.

Kuna jambo linaloniuma lakini. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, ila orodha haizibi paa linalovuja. Boriti ikilowa muda mrefu inaoza. Halafu anakuja fundi wa haraka na saruji, anapaka juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua, unyevu unatoka. Saruji inaufungia ndani pamoja na chumvi, na baada ya muda plasta inaanguka na jiwe lenyewe linamomonyoka. Wenye nyumba wengi hawafanyi hivyo kwa ubaya, saruji inapatikana kila duka na fundi wa chokaa hupati kirahisi. Na mlango wa babu ukishauzwa kwa mtu wa hoteli au wa ng'ambo, haurudi.

Vijana mnaosomea useremala, hapo pana kazi: wanaotaka milango ya nakshi bado wapo.

Haya, aliye na mlango wa zamani kwao, Pangani, Bagamoyo, Mombasa au popote, atuambie kwenye maoni hapo chini umechongwa nini, na kama kuna fundi wa mtaani kwenu anayejua bado kupika chokaa.