Gungu: Kabla ya kulipia jarida mtandaoni, anzia maktaba ya chuo

Mwanafunzi wa chuo anayeishi Gungu, Kigoma, akitafuta kwenye simu tafiti za Ziwa Tanganyika, mara nyingi hukutana na ukurasa unaodai dola. Kabla hajatoa hela, amuone kwanza mkutubi wa chuo chake.

Kuna huduma inaitwa Research4Life. Kupitia huduma hiyo, wachapishaji wakubwa hufungulia vyuo vya nchi za kipato kidogo majarida yao, na Tanzania imo kwenye kundi lisilolipa chochote.

Ndani yake kuna:

- Hinari: afya (tangu 2002)
- AGORA: kilimo na uvuvi (2003)
- OARE: mazingira (2006)
- ARDI: teknolojia (2009)
- GOALI: sheria (2018)

Ila mwanafunzi hawezi kujisajili mwenyewe. Kinachosajiliwa ni chuo, kisha mkutubi ndiye anayetoa jina na nywila za kuingilia. Chuo hakijajiunga? Wanafunzi wamuombe mkutubi apeleke maombi.

Faida ipo. Mwaka 2003, jarida la Nature lilichapisha utafiti unaoonyesha jinsi ongezeko la joto linavyopunguza chakula cha samaki Ziwa Tanganyika. Habari kama hiyo inawagusa wavuvi wa Kibirizi, isiishie kusomwa Ulaya tu.